Povu limepigwa, nyumba bado inachoma: mchawi atafutwe kwa saa

Mama mmoja wa Kigamboni alinipigia simu Februari, joto la kaskazi likiwa limekomaa. "Fundi, mimi nimeliwa," akaanza, hata salamu hazijaisha. "Povu limepigwa paa zima, hela imekwenda, na chumbani bado kunachoma." Sikumuuliza alilipa ngapi kwa povu hilo la kuzuia joto, linalopulizwa chini ya bati. Nilimuuliza kunachoma saa ngapi. Akafikiri kidogo. "Usiku, baba. Mchana afadhali. Nikipanda kitandani ndipo naungua."

Basi bati lilikuwa limeshajitetea lenyewe. Bati halitunzi joto; jua likishazama, muda si mrefu limepoa. Nilipofika kwake saa mbili na robo usiku niliweka kiganja kwenye ukuta wa upande wa machweo, na ulikuwa na joto la birika la chai lililosahaulika mezani.

Swali la saa ndilo langu la kwanza kila ninapoitwa. Malalamiko ya povu katika nyumba zetu za pwani karibu yote yana saa yake, na saa hiyo inakuambia uanze kutafuta wapi kabla hujapanda ngazi. Nitakwenda nayo hivyo hivyo. Lakini kabla ya saa, kuna jambo moja la kuthibitisha.

Ni povu gani hasa lililopigwa?

Kuna povu laini na povu gumu. Yote mawili ni poliyurethani, yote yanatoka kwenye mapipa mawili. Pipa A lina isosayaneti. Pipa B lina polioli, vichocheo, dawa ya kupunguza kushika moto na kitu cha kuvimbisha. Vimiminika hivyo viwili vinakutana kwenye bunduki, lita kwa lita, na ndani ya sekunde chache vinaumuka: povu gumu huvimba kama mara 30. Tofauti iko kwenye vitundu. Vya povu laini viko wazi, hewa na mvuke vinapita, maji yanaingia kama kwenye sponji. Vya povu gumu vimefungwa kimoja kimoja, na gesi iliyobaki ndani ndiyo inayozuia joto vizuri kuliko hewa ya kawaida. Kwa pwani yenye unyevu kama wetu, chini ya bati, ni hilo gumu ninalolitaka.

Mteja hawezi kuyatofautisha kwa macho akiwa chini. Kwa hiyo chukua kisu chenye makali, kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, chenye unene wa sentimita 5, ukiondoa lile gamba la juu. Kiweke kwenye mzani mdogo wa jikoni. Povu gumu zuri lina uzito wa kama kilo 32 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kipande chako kitasoma gramu 16 hivi. Kikisoma 4 au 5, umeuziwa povu laini kwa bei ya gumu. Ukibaki na wasiwasi, kizamishe kwenye ndoo chini ya tofali mpaka asubuhi, kikung'ute, ukipime tena. Gumu litatoka karibu na uzito wake. Laini litatoka limeshiba maji.

Unene nao upime. Tia alama ya wino kwenye msumari mrefu mwembamba, uuchomeke sehemu kumi tofauti, usichague zilizo karibu na mlango tu. Fundi mchovu hupiga vizuri pale anapojua mwenye nyumba atasimama.

Saa saba mchana: joto linakuja kutoka juu

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na 10 Oktoba, jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Kuta wakati huo zina kivuli. Paa halina pa kujificha. Bati la rangi ya maruni au kijivu cha giza linaweza kufika nyuzi 60 hadi 70.

Tufanye hesabu ya karatasini. Bati liko nyuzi 65, chumba nyuzi 32. Povu gumu la milimita 25 litapitisha kama wati 29 kwa kila mita ya mraba. La milimita 50, kama wati 15. La milimita 75, kama 10 na ushee. Ona jinsi faida inavyopungua: milimita 25 za kwanza zinafanya kazi kubwa kuliko zote, za pili zinakata nusu ya kilichobaki, za tatu zinakata kidogo. Ndiyo maana mtu anayekuambia joto lako litaisha ukiongeza sentimita nyingine tano juu ya tano ulizonazo, mwulize kwanza kama amepima matundu.

Maana tatizo la saa saba mara nyingi ni matundu na chuma. Kwenye bati la msauzi, lile lenye migongo ya pembe, upande wa chini mgongo ni shimo. Povu likipigwa kwa haraka linaziba mdomo wa shimo na kuacha hewa ndani, na unene uliopima hapo ni wa uongo. Kama papi, zile fito zinazobeba bati, ni za chuma na hazikufunikwa, kila papi inashuka na joto kutoka kwenye bati hadi ndani. Weka kiganja kwenye papi, halafu kwenye povu pembeni yake. Hakuna kifaa kinachosema wazi zaidi ya hapo. Dawa ni kuzifunika nazo, walau sentimita mbili tatu.

Sababu nyingine ni mpaka. Povu likipigwa chini ya bati, mpaka wa nyumba umehamia kwenye bati, na dari imekuwa ya ndani. Wengine wanapiga povu halafu wanaacha matundu ya hewa yaliyokuwa kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, eti paa lipumue. Hewa ya nje inaingia juu ya dari kama zamani. Kama huna kiyoyozi, hasara si kubwa. Kama unacho, tutarudi kwake.

Saa mbili usiku: povu halina kosa

Ndiyo nyumba ya mama wa Kigamboni. Tofali za saruji na plasta zinakunywa jua kuanzia saa nane mchana mpaka magharibi, na zinalitema ndani polepole mpaka saa tano usiku. Povu la paani halijui habari hiyo.

Kuna ukweli mwingine ambao wauzaji hawapendi kuusema. Bati tupu linaungua mchana, lakini usiku lenyewe ndilo linalopoza nyumba, kwa sababu linatupa joto kwenye anga. Ukilivalisha povu umezuia joto la mchana lisiingie, na la usiku lisitoke kwa njia ile. Kwa hiyo nyumba yenye povu isiyo na kiyoyozi ni lazima ifunguliwe jioni: madirisha ya pande mbili, upepo upite. Mama yule alikuwa anafunga madirisha magharibi kwa ajili ya mbu, jambo ambalo simlaumu. Tukaweka nyavu mpya madirishani, na nje ya ukuta wa machweo tukasimamisha nguzo na paa la makuti la kutia kivuli. Hakuna povu lililoongezwa.

Kama paa lako ni zege, sababu ni ile ile, ila zege ndilo paa. Hapo povu linapaswa kupigwa juu ya zege, ili zege lisipate jua kabisa. Likipigwa chini, zege linakuwa jiwe la kuokea juu ya kichwa chako.

Na hapa niseme jambo bila mzaha. Nyumba iliyopigwa povu imeziba nyufa zilizokuwa zinapitisha hewa bila wewe kujua. Jiko la mkaa ndani ya nyumba kama hiyo, madirisha yamefungwa, linaua. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Mkaa ukapikiwe nje.

Alfajiri: matone

Simu za matone huja asubuhi, na swali langu la pili ni kama usiku ule mvua ilinyesha. Kama haikunyesha, ni umande. Usiku wa anga wazi bati linapoa kuliko hewa yenyewe, na hewa yetu ina maji mengi, kwa hiyo inatoa jasho kwenye chuma. Povu gumu lililoshika vizuri linamaliza jambo hili, kwa sababu hewa ya ndani haigusi bati tena. Tone likiendelea kudondoka, tafuta chuma kilichobaki uchi: chini ya kofia ya paa, ncha za skrubu, papi, bomba. Piga povu hapo, mambo yameisha.

Kama matone ni ya baada ya mvua tu, hilo ni vujo, na povu limegeuka kuwa kifuniko cha siri. Maji yanaingia kwenye tundu la skrubu huku juu, yanatembea kati ya bati na povu palipoachia, yanatokea mita tatu kutoka pale. Usipasue povu pale yanapotokea. Panda mtu mmoja na mpira wa maji, aanze chini ya mteremko na kupanda polepole, kila sehemu robo saa, mwingine awe ndani na tochi. Ukianza juu, maji yatateremka yapite matundu yote na hutajua ni lipi. Ziba upande wa nje kwanza, povu baadaye. Nimeona watu wakiziba kwa povu kutoka ndani na kujipongeza. Masika yaliyofuata bati lilikuwa limeoza kwa kutu bila mtu kuona.

Povu limeachia bati

Hili halina saa ya siku, lina saa ya kazi: lilipigwa saa ngapi? Saa kumi na mbili asubuhi bati limelowa umande. Saa saba mchana halishikiki. Nafasi ya fundi wa povu hapa kwetu ni baada ya umande kukauka na kabla jua halijapanda, na nyingine jioni. Karatasi ya mtengenezaji inaandika joto la chini na la juu la sehemu inayopigwa. Mwombe fundi akuonyeshe, na akuonyeshe pia kipimajoto chake.

Kipande kilichodondoka usikitupe. Kigeuze, usome mgongo wake.

Mgongo laini, unang'aa, umebeba vumbi au mafuta: bati halikusafishwa. Bati jipya huja na mafuta ya kiwandani, na karibu na barabara ya vumbi hata bati la wiki mbili lina tabaka. Mgongo una mapovu makubwa, unavunjika kama biskuti: palikuwa na maji. Isosayaneti haishikani na polioli tu, inashikana na maji pia. Ikikutana nayo inatoa hewa ya ukaa, vitundu vinakuwa vikubwa na dhaifu. Na kama povu limebaki limeshika bati na kuchanika katikati ya nyama yake, bati halina hatia. Povu lenyewe ni bovu, na inabidi urudi kwenye mapipa.

Palipoachia pakwanguliwe mpaka chuma, pafutwe, pakauke, papigwe upya. Kupaka rangi juu au kuchomeka misumari ni kupoteza muda.

Harufu ya samaki, hasa mchana

Povu lililokomaa halinuki. Siku ya kwanza harufu ipo, ndiyo maana watu hutakiwa kukaa nje kwa saa 24 kwa kawaida, nyumba ikipitishwa hewa. Wiki ya tatu bado kunanuka kama samaki, na bati likipata moto harufu inazidi: mchanganyiko haukuwa sawa. Mara nyingi ni vichocheo vya pipa B ambavyo havikupata mwenzao.

Tumia kidole na kisu. Palipo laini, panabonyea, panabandika, B ilizidi. Palipo pakavu kama kioo, rangi imeiva, panavunjika vumbi vumbi, A ilizidi. Nyumba moja inaweza kuwa na yote mawili, chumba hiki na kile.

Hali yetu ya hewa inayaharibu mapipa yote mawili, kila moja kwa njia yake, na hapa ndipo makosa mengi ya Dar yanapozaliwa. Pipa A linaharibiwa na unyevu. Likiachwa wazi, hewa ya pwani inaingia, isosayaneti inaganda vijiwe, vijiwe vinaziba chujio, A inapungua, povu linabaki bichi na kubonyea. Pipa B linaharibiwa na joto. Ndani yake mna kimiminika cha kuvimbisha kinachotaka kuwa gesi wakati wowote. Kile cha HFC-245fa kinachemka kwenye nyuzi 15 hivi, na polioli ndiyo inayokishikilia. Watengenezaji wengi wanataka pipa likae kati ya nyuzi 15 na 27 hivi. Stoo ya bati Januari haijawahi kuwa hivyo. Pipa linalala humo wiki, siku ya kazi linafunguliwa linafoka kama soda iliyotikiswa, pampu inameza gesi badala ya kimiminika, B inapungua, povu linakuwa kioo. Kwa hiyo kabla ya kazi uliza mapipa yamelala wapi. Fundi anayeyaweka kwenye chumba chenye kiyoyozi mwongezee bei bila kinyongo.

(Gesi za namna hiyo ndizo zinazopunguzwa hatua kwa hatua na Marekebisho ya Kigali ya 2016, kwa kuwa zinapasha joto dunia kupita kiasi. Mapipa mapya mengi yanatumia HFO, gesi za kizazi kipya zisizopasha dunia kiasi hicho. Ila nayo hayapendi stoo ya moto.)

Povu lenye mchanganyiko mbovu halitengenezwi kwa muda. Linakatwa na kutolewa, pote lilipo, na wenye pumu wasiwepo. Anayepiga avae kinyago cha kuletewa hewa safi na suti. Isosayaneti ikishamfundisha mwili kuikataa, mtu huyo hata chembe kidogo baadaye inambana kifua. Kitambaa puani si kinga.

Nyufa, na moyo wa kahawia

Kata kipande kwenye ufa. Ukikuta katikati pameiva rangi ya chai, povu lilipigwa nene kwa mkupuo mmoja. Likiumuka linatoa joto lake lenyewe, na likiwa nene joto halina pa kutokea: linajiunguza, linasinyaa, linapasuka. Kawaida ni milimita 50 kwa tabaka au chini, linapoa, ndipo jingine. Lundo la mabaki kwenye kona ya eneo la kazi limewahi kuwasha moto zaidi ya mara moja duniani. Mabaki yatandazwe nje.

Moto kwa jumla: povu linaungua na moshi wake ni sumu, dawa ya pipa B iwepo isiwepo. Ndani ya vyumba lifunikwe na jipsamu ya milimita 12.5 au plasta. Taa za kuzamishwa kwenye dari zisizikwe ndani ya povu, wala nyaya za jiko na kiyoyozi. Waya uliofunikwa haupoi.

Kiyoyozi kipo, nguo zinaota ukungu

Hii ni ya nyumba zenye uwezo, na inawashangaza. Nyumba ya zamani ya bati ilihitaji kiyoyozi cha BTU 18,000 kwa chumba. Baada ya povu, joto limepungua, mashine ni ile ile. Inapoza chumba kwa dakika sita, inazima. Kukausha hewa kunataka muda, na muda huo haikupata. Chumba kinakuwa cha baridi na kibichi, viatu kabatini vinaota ndevu za kijani. Kipima unyevu cha bei ndogo kikisoma zaidi ya asilimia 60 siku nzima, punguza ukubwa wa mashine au weka ya inveta.

Na yale matundu ya fishabodi niliyoahidi: hewa ya nje yenye maji inaingia juu ya dari, inagusa jipsamu iliyopozwa kutoka chini, inatoa jasho. Madoa meusi juu ya kiyoyozi, mwenye nyumba anaapa bati linavuja. Ziba matundu kwa povu hilo hilo, madoa yatakoma.

Mchwa, na povu la njano

Povu lililoachwa kwenye jua linakuwa njano, halafu kahawia, halafu unga unaobaki kidoleni. Kwangua unga, paka rangi ya akriliki au silikoni ya mapaa. Unga ukifika sentimita, umeshachelewa kidogo tu.

Mchwa hawali povu, lakini wanalichimba kwa raha kabisa, na njia zao zinafichwa nalo. Ukutani acha sentimita 15 za chini zikiwa tupu, uweze kuona udongo wao ukipanda. Kama zimeshafunikwa, kata ukanda huo kwa kisu, nyumba nzima, wiki hii.

Na lile shimo ulilokata kwa ajili ya mzani usilisahau: lijaze kwa kopo la povu la dukani, likikauka likate sawasawa, upake rangi. Alfajiri ya usiku usio na mawingu uliguse kwa mkono uone kama ni kavu.